Dada, Jiwe la Chungu Sikulirudisha

Mpendwa Dada Skolastika,

Shikamoo. Nimekukosea, na siku ile ile nilijua nimekukosea. Chungu chako cha pombe nilikifungua mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na habari za mvua na za watoto nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua.

Yustina atakusomea. Mwanangu Yustina, msomee mama yako kwa sauti na usiruke mahali. Kama kuna wageni hapo Ilemba, nao wasikie. Hii si barua ya kufichwa chini ya godoro.

Nyumbani kwangu paka amezaa wiki hii, watoto wanne. Ni wa uzao wa yule paka wako. Mke wangu alinikuta nimepiga magoti naziba tundu la ukutani kwa udongo, akasema, "Baba Deo, wewe na paka tangu lini?" Kila nilichokuwa nafanya, kuziba tundu, kuinua ndoo ya maji, kukusanya vipande vya kamba, nilikiona kwako ulipokuwa unawalinda watoto wa paka wako.

Unakumbuka mwaka tuliohamishiwa hapa kijijini. Nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza, ghala la kijiji katikati, na panya wakatufuata kama vile nao wameandikishwa. Shemeji alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Ulipewa nyumba ubavuni mwa yangu, na panya wakaimaliza mbegu yako ya mahindi kabla hujapanda. Ukateremka bondeni mpaka Muze kwa miguu, ukarudi na paka mwenye mimba ndani ya kikapu. Kanga yako umemfunika yeye, wewe mvua inakupiga.

Mzee Kasiano akakuona njiani. "Skolastika, wenzako kutoka bondeni wanaleta mchele, wewe unaleta paka?"

"Mchele ungeliwa na panya wako, mzee. Huyu atawala panya wako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Na kesho yake akawa wa kwanza kuja kuomba mtoto mmoja wa paka. Mstari wetu wote ukawa unasubiri yule paka azae.

Alipozaa watatu, nyumba ikageuka. Kikapu chao ukakiweka kona ya mbali na mafiga, na mafiga yenyewe ukayazungushia matofali mabichi. Shimo la choo ukaliwekea ubao. Mlangoni ukalaza gogo ili mbwa wa jirani asiingie na wao wasitoke. Hata kinu ulikilaza, ukisema mmoja akiingia usiku na mtu akatwanga asubuhi bila kutazama, itakuwa habari nyingine.

Mimi nikakucheka. "Dada, hawa ni paka, siyo watoto wa mtemi."

"Na wewe na hayo makatambuga yako ya matairi, tazama unapokanyaga. Toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Halafu ukaweka amri moja, ukaisema kwa kila mtu aliyeingia mle ndani. Anayefungua chungu chochote, arudishe ungo juu yake, na juu ya ungo arudishe jiwe. Yule mtoto wa paka mweusi, ulisema, hajatulia, anapanda kila kitu.

Ikafika Kwaresima, wakati wa kulima matuta ya kufukia nyasi. Shamba lako lilikuwa nyasi mpaka kiunoni, na mjane hawezi kulifukia peke yake. Ukafanya kama tunavyofanya sisi sote, ukapika pombe ya ulezi na kuita watu waje na majembe siku ya Jumatatu. Ulezi ule ndio uliokuwa umebaki ndani. Uliniambia mwenyewe: "Pombe hii ikienda vizuri nina chakula cha mwaka. Isipoenda, sijui."

Mimi Jumatano ya Majivu nilikuwa nimesimama kanisani, nikaapa mbele ya watu wote kwamba nimeacha pombe. Walinipigia makofi. Wiki iliyofuata wakaniweka kwenye kamati ya ghala, kwamba sasa huyu ni mtu. Wewe ulilia kwa furaha, Dada, ukajifuta kwa upindo wa kanga ukidhani sikuona.

Jumapili nilisali misa ya kwanza, wewe ukaenda ya pili. Nikarudi, nyumba yako iko wazi, na harufu ya pombe iliyoiva inapita ukutani mpaka kwangu. Nilijiambia naenda kuwatazama watoto wa paka. Nikaingia, nikaliweka jiwe chini, nikainua ungo, nikachota kata moja. Nikachota ya pili. Nikasikia sauti za watu wanatoka kanisani. Nikarudisha ungo haraka haraka, nikatokea mlango wa nyuma. Jiwe lilibaki sakafuni. Yule mweusi alikuwa amekaa juu ya matofali ya joto ananitazama.

Nilipofika kwangu nilikumbuka jiwe. Nasema kweli, nilikumbuka. Lakini wewe ulikuwa umeshafika mlangoni, nikaona haya kurudi.

Jumatatu watu walikuja, labda ishirini na kitu. Na kwa desturi yetu jembe haligusi ardhi kabla wazee hawajaonja, wajue kazi ina malipo. Ukaingiza kata kwenye chungu kwa ajili ya Mzee Kasiano, na kata ikatoka na yule mweusi, amelowa, amekufa.

Halafu Mzee Kasiano akasema, "Skolastika, siku hizi pombe inatiwa nyama?" Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichokumaliza. Mama mmoja akasema hatii mdomo wake mle. Mwingine akasema, "Mtu analala na paka, anapika na paka, mlitegemea nini?" Balozi wetu wa nyumba kumi akasema mbele ya wote kwamba mchafu kama huyu asipikie watu tena.

Ukauliza, "Nani alifungua chungu?" Ukawatazama wote, ukanitazama mimi mwisho. "Mdogo wangu, wewe uliingia ndani?"

"Mimi, Dada? Mimi si nimeapa."

"Kweli," ukasema. "Uliapa. Basi ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na haraka ya misa." Ukapiga magoti ukawaomba watu radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, mimi nimesimama hapo hapo na jembe begani.

Wakaondoka na majembe yao. Nyasi zikabaki. Nilikulimia matuta machache kwa siku tatu nne, watu wakanisifu kwamba nina huruma. Hayakutosha. Ukawa unakula uji mara moja kwa siku, unasikia watoto kisimani wanaimba "Skolastika wa paka", na mavuno yalipokwisha kwa wengine wewe hukuwa na cha kuvuna. Ukapanda lori la chumvi kwenda kwa Yustina. Ukiwa umeshakaa juu ya magunia ulinishika mkono ukasema, "Mdogo wangu, pombe usiirudie. Hilo moja ndilo limenifurahisha mwaka huu."

Huu ni mwaka wa tatu sasa. Pombe sikuirudia kweli, lakini si kwa sababu ya kiapo. Nikiinusa tu namwona yule mweusi. Watu wakinisifu kwenye kamati, naitikia kwa kichwa, natazama pembeni. Wale wawili waliobaki niliwalea mimi, na leo hakuna nyumba katika mstari huu isiyo na paka wa uzao wako. Wanawalisha, wanawasifu, wewe bado wanakutaja kwa kucheka.

Jana asubuhi nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha. Mwisho akasema, "Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi ndiye niliyemcheka? Kawaambie waliomcheka." Ana haki.

Dada, sikuombi urudi. Huko una mwanao na wajukuu. Sikuombi hata unisamehe leo, kwa sababu msamaha wako nauogopa, utanipa upesi mno. Ila barua hii inapanda lori kesho Jumatano, itakufikia kabla sijafanya ninalotaka kufanya, ili nisipate pa kukimbilia.

Jumamosi hii kuna mkutano wa kijiji mbele ya ghala, saa nne. Nimemwomba mwenyekiti nafasi. Akaniuliza, "Ya kamati?" Nikamwambia hapana, ya dada yangu. Nitasimama Mzee Kasiano akiwepo, na yule balozi, na wote waliorudi na majembe yao siku ile. Nitasema hivi: chungu nilikifungua mimi, nilikunywa kata mbili siku kumi na moja baada ya kuapa, jiwe sikulirudisha, na Skolastika aliwapigia magoti kwa kosa langu. Kisha nitajitoa kwenye kamati hapo hapo, kabla hawajaniuliza. Itakapofika saa sita mchana wa Jumamosi hiyo, kijiji kizima kitakuwa kimejua ni nani aliyekuwa mchafu.

Mdogo wako uliyemwamini,
Baba Deo