Anagonga Ukuta, Niende?

Mmepotea nyinyi. Hapa ofisini kumekuwa kimya mpaka nikadhani mmepona wote, mwenye mume anapendwa, mwenye nyumba naye anaziba paa linapovuja. Kumbe mko huko mnaugulia kimyakimya, na mtu ananijia akiwa ameshafungasha mizigo. Mgonjwa anapelekwa hospitali akiwa bado anaongea, mnanisikia? Huyu hapa mmoja wenu. Aliwahi kunijia kwa jambo lingine, akaahidi atarudi kunisalimia, hakurudi. Leo kaleta barua. Binti wa ofisini kanisomea, nikamwambia arudie, maana nilikuwa siamini.

*

Bibi, shikamoo. Nisaidie, kichwa changu hakina tena pa kuliweka jambo hili. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja na kibaraza cha mbele kwa mama mmoja mjane, na hapo barazani ndipo ilipo cherehani yangu, wateja wote wananijua hapo, hata anayepotea njia anaambiwa nenda kwa fundi wa barazani. Nilipoingia nilikuwa mpangaji kama wengine, nalipa kodi, napewa risiti, tunasalimiana, basi. Halafu yule mama akateleza bafuni akavunjika nyonga, na mtoto wake wa pekee, binti, yuko nje ya nchi, akawa analia tu kwenye simu kwamba kazini hawampi ruhusa, sasa Bibi ungekuwa wewe ungefanyaje, mtu yuko upande wa pili wa ukuta unamsikia anavyohangaika kufikia kopo la maji, nikaingia. Nilianza kwa kumpelekea chakula, nikaja kumwogesha, kumbadilishia shuka, kumgeuza ubavu huu na huu ili mgongo usitoke vidonda, nikamshonea kimto cha vipande vya vitambaa cha kuweka katikati ya magoti, maana bila kimto mguu unavuta na anaumia sana. Tukapatana kwamba akihitaji kitu anagonga ukuta kwa fimbo yake, nami naacha cherehani nakwenda.

Mwisho wa mwezi nikampelekea kodi kama kawaida, akausukuma mkono wangu, akasema, "Kodi ya nini, mwanangu? Mtoto hamlipi mama yake." Bibi, mama yangu mzazi alifariki kabla sijaijua sura yake, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita hivyo kwa sauti ile, nililia pale pale mlangoni, na tangu siku hiyo sikulipa tena wala sikuandikiwa kitu, nikawa nafua, nadeki nyumba nzima, nampeleka kliniki, hata nilipoitwa kwenye karakana ya kushona sare za shule nilikataa, maana nani angemgeuza mama.

Sasa binti amerudi. Nilimpokea kwa furaha, nikamwita dada, nikamtandikia kitanda. Akazunguka nyumba akiangaliaangalia, kisha akaniita chumbani kwa mama yake, mama amelala macho wazi, akaniambia chumba changu anakihitaji mwisho wa mwezi huu. Nikadhani ananitania. Nikamwambia dada, hata mpangaji hupewa muda wa kutafuta pengine. Akanijibu taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Mpangaji analipa kodi. Wewe unalipa nini?" Nikamgeukia mama. Nikasubiri. Bibi, yule mama aligeuza uso ukutani, na mimi ndiye ninayejua anavyopata tabu kugeuza hata shingo.

Kumbe chumba anamwekea mfanyakazi aliyemwajiri kumuuguza mama, kwa mshahara, na jana huyo binti amenijia anatabasamu, anauliza kama kabla sijaondoka naweza kumwonyesha huyo mfanyakazi namna ya kumgeuza mama na mambo ya kile kimto. Na binti akitoka tu kwenda mjini, ukuta unagongwa. Nikienda, mama ananiambia mwanangu nigeuze, utadhani hakuna kilichotokea, nami namgeuza huku machozi yananidondoka juu ya shuka nililolifua mwenyewe, na nikitoka najichukia. Nisipokwenda naisikia ile fimbo mpaka mguu unakataa kukanyaga cherehani. Nina nguo za watu hazijaisha, nina jina hapo barazani, sina pa kwenda. Akigonga tena niende au nikae? Na huyo mfanyakazi nimfundishe?

Fundi wa barazani

*

Marahaba. Kwanza nakugombeza, halafu nakushika mkono. Usinivurugie utaratibu.

Uliniambia utarudi kunisalimia. Kumbe ulikuwa na wa kumsalimia, tena kwa kumfulia. Ungepita hapa hata kwa kunywa maji tu, ningekuuliza kama unalipa kodi, ungeshusha macho, na tungeyamaliza siku hiyo hiyo. Ulikuwa mpangaji, na mpangaji ana mlango wake. Ukakubali kufanywa mtoto. Mtoto hapewi risiti wala muda wa kuhama, anaambiwa toka. Na tusifichane, ilikufaa pia. Kodi ilibaki mfukoni, ukaona umepata mama na chumba kwa mpigo mmoja. Simcheki mtu mwenye njaa ya mama, mwanamke mwenzangu. Nakugombeza kwa sababu ulikula bila kuuliza bei.

Sasa yule kizee mwenzangu. Kilichovunjika ni nyonga, ulimi wake mzima. Angeweza kusema "mwache", na hakusema. Mimi ni mzee kama yeye na nitakuambia alichokuwa anakiwaza alipogeukia ukuta: alikuwa anapiga hesabu ni nani atamfumba macho. Binti akikasirika akapanda tena ndege, yeye amebaki na nani? Kwa hiyo anamwogopa. Wewe hakukuogopa, alijua ukigongewa utakuja tu. Namwelewa sana, na bado alichokufanyia ni kibaya, tena kibaya cha makusudi. Usimwombe akutetee tena. Hatakutetea.

Na huyo binti, usidhani anataka chumba tu. Kila akikuona barazani anaona kazi yake ilivyofanywa na mtu mwingine. Nani anataka kuamka na kitu hicho kila asubuhi? Mfanyakazi wa mshahara hamwaibishi mtu, mwisho wa mwezi unamlipa mmemalizana. Wewe hakuna namna ya kumalizana nawe, ndiyo maana anataka uondoke.

Basi sikiliza. Nenda mchana, binti akiwepo, na usiende peke yako. Mchukue kiongozi wa mtaa, na jirani mmoja aliyekuona ukimbeba yule mama kwenda kliniki. Osha uso, usiende na sura ya kuomba. Sema ulikuwa mpangaji, kodi aliikataa mama mwenyewe, na kazi uliyoifanya wewe ndiyo hiyo wanayoitafutia mtu leo. Weka kodi ya mwezi huu mezani. Wakiipokea, waipokee mbele ya watu na uandikiwe. Wakiikataa, waikatae mbele ya watu hao hao. Kisha dai muda anaopewa mpangaji yeyote. Ukitaka na malipo ya kazi yako, nenda kwa wale wasaidizi wa sheria wasiotoza kitu, mimi sheria siijui na sitajifanya naijua. Lakini cha kwanza ni muda, maana mtu hadai haki yake vizuri akiwa na godoro kichwani.

Mfanyakazi mfundishe. Ni mtoto wa watu, hajakukosea, na vidonda vya mgongo havichagui mtu mwema. Ila mfundishe baada ya kupewa muda wako, si kabla, na binti mwenyewe ashike shuka upande wa pili ausikie uzito wa mama yake. Binti akitoka nje, mnong'oneze yule mfanyakazi: mshahara adai kila mwezi unapoisha, na siku akiitwa mwanangu aitike kwa adabu, halafu adai tena.

Ukuta ukigongwa binti akiwa ndani, usisogee. Kanyaga cherehani yako. Fimbo ile inabidi isikiwe na mwenye mama. Ukigongwa binti hayupo, nenda, mgeuze, mfunike, toka. Ukimwacha pale utajisikia vibaya maisha yako yote, na kwa nini ubebe na hilo? Lakini akikuita mwanangu, mwambie, "Mimi ni fundi, mama." Usiongeze neno. Itamuuma. Mwache imuume.

Na anza leo kutafuta chumba, usingojee huo muda uishe. Rudi kwenye karakana ya sare ukaulize kama nafasi bado ipo, aibu weka pembeni. Kila mteja anayekuja kuchukua nguo mwambie unahama, umpe na namba yako ya simu. Hawakuja kwa ajili ya baraza la yule mama, walikuja kwa ajili ya mkono wako. Huko utakakohamia, hata mwenye nyumba akikuita malaika, lipa kodi, chukua risiti, ndipo umsalimie.

Ukishahamia, njoo ofisini unione, na safari hii njoo kweli. Nakujua, utafika utaona vikombe havijaoshwa na mikono itakuwasha. Usithubutu. Vua viatu, keti, nyoosha miguu, chai nitakuletea mimi. Ukimaliza kunywa, kikombe kiache hapo hapo mezani.