Bei Niliyoitaja Nikanyamaza

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, 14 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko ugenini? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Na lile goti linalokusumbua ukipanda ngazi za kazini, linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, tunamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Leo kaa kitako kwanza. Najua ukiona mwandiko wangu tu, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Utoe. Leo siombi kitu, leo najigamba.

Unajua ninavyoteseka na bei. Mikono yangu haina shida. Mteja akivaa nguo niliyoshona hataki kuivua. Shida ni akiuliza, "Kiasi gani?" Nataja bei, na kabla hajafungua mdomo naipunguza. Akikohoa, naipunguza tena. Ndiyo maana kazi imejaa mpaka mlangoni na kodi ya chumba unailipa wewe. Mwanzoni mwa mwaka mwenye nyumba akapandisha kodi, akasema nikishindwa nitoe cherehani zangu. Maji yalinifika shingoni, lakini niliapa safari hii sikuambii.

Siku hizo hizo akaja mwalimu wa yoga, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Taratibu kwa jinsi anavyotembea. Alitaka mito mirefu, migumu, ya kulalia darasani kwake. Nikamtajia bei. Alikuwa bado anapapasa kitambaa, nikashusha. Akageuka kutazama dirishani, nikashusha tena. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, mbona unabishana peke yako? Mimi sijasema neno!" Akanilipa bei ya kwanza, akaniambia nije nijaribu mito yangu mwenyewe.

Nilidhani yoga ni kujikunja kama waya. Kumbe hii yake ni ya kupumzika. Unalala chali, mto chini ya mgongo, mwingine chini ya magoti, blanketi juu, unauachia mwili wote ubebwe na sakafu. Basi. Shemeji yako alipopata habari alitoa macho: "Unakwenda kulipa pesa ili ulale? Si kitanda kiko hapa bure!" Mama naye alinishika paji la uso, eti anapima joto.

Nikiwa nimelala vile, mwalimu alituambia tukumbuke jambo la pesa linalotutisha, tusilikimbie, tuangalie tu mwili unafanya nini. Nikajiona niko mbele ya mteja, anauliza bei. Taya likakaza, mabega yakapanda karibu na masikio. Akasema, "Toa pumzi pole pole. Acha uzito ushukie kwenye mto. Hakuna anayekufukuza." Kaka, nililia. Nilikuwa nimechoka na woga ambao hata sikujua nimeubeba. Tangu hapo sikosi darasa, na asubuhi naegemeza miguu ukutani kabla ya kufungua chumba cha kazi.

Sasa sikiliza. Juzi meneja wa hoteli mpya ya pale kona aliniita. Mapazia ya jengo zima! Nilipima kila dirisha, nikapiga hesabu ya kitambaa, bitana, pete na jasho langu, tena jasho langu kwa haki. Nikaketi mbele ya meza yake. Akauliza. Nikataja.

Akatazama sampuli ya pazia niliyomshonea, akatazama dari, akagongagonga kalamu. Nikahisi taya linaanza mambo yake. Nikaliachia. Nikaacha kiti kinibebe, nyayo zikatulia sakafuni, nikatoa pumzi. Ukimya ule ulikuwa mrefu, nami sikuugusa. Mwishowe akasema, "Wengine wamenitajia chini ya hapo." Zamani ningemshonea hoteli nzima bure, na radhi ningemwomba juu yake. Nikamjibu, "Najua, bosi. Hii ndiyo bei ya kazi yangu." Akageuza pindo la sampuli, akalivuta kwa nguvu, lisifumuke hata uzi. "Basi anza Jumatatu," akasema, akasaini.

Nilitoka pale kwa heshima zangu zote. Nilipopinda kona nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimepata mjukuu!

Kwa malipo ya awali aliyonipa siku hiyo hiyo, nimemlipa mwenye nyumba mimi mwenyewe, kodi mpya, mpaka mwisho wa mwaka. Sikudanganyi kwamba nimepona kabisa. Jana mteja mmoja alikohoa kidogo tu, ikabidi nijizibe mdomo kwa mkono. Lakini sikushusha.

Mama anakusalimu sana. Shangazi pia, na anauliza kama umenenepa. Shemeji yako anakusalimu. Siku hizi naye anakuja darasani, na hakuna anayekoroma kumshinda. Nisalimie mwenzako wa chumba.

Kaka, ile pesa ya kodi usinitumie tena. Mama ameniambia ilikuwa nauli yako, na kwamba ndiyo sababu hujakanyaga nyumbani miaka yote hii. Hukuwahi kuniambia hata siku moja. Kata tiketi. Na ukikuta haitoshi, niambie ni kiasi gani, nami nitakutumia.

Mungu akufunike huko uliko, na akufungulie njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wenu