Mwezi Alioutaka Mama

Goba, Dar es Salaam
4 Mei

Kwako mdogo wangu Suleiman,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Uswidi, wewe na wifi yangu Munira na watoto, na kifua kile cha mwezi uliopita kiwe kimeachia. Sisi huku hatujambo. Masika imekula barabara yetu ya mlimani, na gari la maji sasa linaishia chini kwenye duka, tunapandisha ndoo wenyewe. Mama yu mzima. Sukari yake imetulia, na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo.

Najua utacheka kupata barua ya mkono zama hizi. Nimempa Wilbert, mteja wetu anayekuja huko masomoni. Kwenye simu siwezi, maana Mama hutaka spika ifunguliwe asikie kila neno. Na nikikutumia ujumbe wa sauti, wewe unajibu kabla hujafika mwisho. Haraka hiyo ni ya upande wa baba, usinisingizie. Kwa hiyo kaa kitako, usome yote.

Kazi yangu unaijua. Mwaka wa kumi na moja sasa niko ofisini kwa Bwana Jawad pale Kinondoni, nakatia watu tiketi na kuwashauri waende Ulaya mwezi gani, mie ambaye hata Nairobi sijafika. Nawaambia Mei au Juni: baridi imekwisha, maua yamechanua, nauli haijapanda kama ya Julai na Agosti. Wasiopenda msongamano nawapeleka Septemba. Disemba nawaachia wenye ndugu wagonjwa, na wanaotaka kuona theluji wakaione wajute. Nayasema haya kwa uhakika hadi wateja huniuliza niliishi Ulaya miaka mingapi.

Uliponiandikia mwezi wa pili kwamba unataka kumwalika Mama, na tukuchagulie sisi mwezi, nilikujibu kwamba amechagua Juni kwa sababu anataka kuona maua. Ukafurahi, ukakata tiketi, viza ikatoka. Mimi nikaona nimemaliza kazi.

Jumatatu iliyopita Mama akaniomba nimchapie ofisini jedwali la saa za kuchomoza na kuzama kwa jua huko kwako, miezi yote kumi na miwili. Sikumuuliza la nini. Nilidhani anahangaikia sala zake, maana nilishamwambia kwamba Juni huko Isha inaingia karibu na usiku wa manane. Karatasi ilipotoka, aliyeiokota kwenye mashine ni Bwana Jawad. Yule bosi wangu unamjua, Mhindi wa Kishia, mtu wa maneno machache. Akaitazama kitambo, akaniuliza nyumbani kwetu ni nani anayedaiwa funga.

Nikamwambia sijamwelewa. Ndipo aliponieleza kwamba marehemu mama yake, Bi Mehrunissa, alikuwa kila Disemba akienda kwa binti yake Uingereza. Watoto wote walijua anafuata maduka yenye punguzo, wakimtania kwa makoti anayorudi nayo, koti la nini na joto hili la Dar. Alipofariki ndipo binti akasema ukweli: mama alikuwa akilipa funga zilizompita alipokuwa akizaa na kunyonyesha, kwa sababu mchana wa huko wakati wa baridi ni mfupi na tumbo lake halikuweza tena mchana wa kwetu. Bwana Jawad alinikabidhi karatasi, akarudi mezani kwake.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama anachambua mchele. Nikampa jedwali lake, nikamuuliza anadaiwa siku ngapi. Hakushtuka. Alisema arobaini na nne, kama mtu aliyeulizwa umri wake.

Ni zako, Suleiman. Ulipozaliwa, Ramadhani iliingia una siku tatu tu. Mama alikuwa ndani ya arobaini ya uzazi, hakufunga hata moja, wala hakutakiwa kufunga. Ramadhani iliyofuata ulikuwa mtoto wa homa na kuharisha, chakula hukishiki, unaishi kwa ziwa peke yake, na kila alipofunga maziwa yalikata. Akala siku kumi na nne. Zangu mimi alishazilipa zamani, akiwa bado na nguvu za usichana. Zako aliziahirisha. Hakujitetea hata kidogo. Alisema kwanza alikuwa akikaanga samaki kutwa pale Temeke, kiu ikamshinda, akajiambia mwakani. Ikaja mwakani, akajiambia mwakani tena, mpaka sukari ikamkuta hajalipa.

Ustadhi Abdulrahman alikwishamwambia kwamba mgonjwa asiyetarajia kupona hulisha masikini, na Mungu si mwenye kumtaabisha mja wake. Zile siku alizokula Ramadhani hii iliyopita kwa ajili ya ugonjwa amezilishia, na wala hazimkoseshi raha. Zinazomkosesha raha ni zile alizoziacha akiwa mzima. Kwenye kliniki daktari alimwambia saa kumi na tatu za kwetu asizijaribu, lakini saa nane au tisa, kwa vidonge vya daku na futari na kujipima, anaweza kwa uangalizi. Sasa Mama anasema kama kuna mahali duniani anaweza kufunga, basi yeye hajawa mtu asiyeweza.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Ile habari ya maua niliitunga mie. Nilipomuuliza Mama mwezi wa pili, alisema Disemba palepale, bila kufikiri. Nikamcheka. Nikamwambia Disemba huko jua linazama saa tisa mchana, nikidhani namtisha. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema kweli kabisa, akatabasamu. Sikumuuliza sababu. Ninavyojiona bingwa wa miezi ya Ulaya, ningemuuliza mwanamke wa Temeke sababu? Wewe nikakuandikia kwamba anataka Juni. Yeye nikamwambia kwamba wewe umesema Juni tu, mwezi mwingine huna nafasi. Akasema mtoto akiita unakwenda anapoitia, akaanza kutafuta nguo.

Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka picha. Nilitaka Mama apigwe picha kwenye maua niibandike ukutani ofisini, wateja wajue kwamba ninayosema nayajua. Naona aibu kuiandika sababu hii, lakini ndiyo hiyo, sina nyingine. Kwake nimekiri. Amenisamehe, kisha akanikataza kukuambia lolote, akasema atakwenda hiyohiyo Juni, usisumbuliwe, mtoto haambiwi alichomgharimu mama yake. Kwa hiyo ujue barua hii nimeiandika kwa kumwasi.

Nimemwasi kwa sababu ya neno moja alilolisema akiwa ananyanyuka na ungo wake. Alisema akifa hajazilipa, sisi wanawe ndio tutakaomfungia. Mimi akasema hanihofii. Anakuhofia wewe, usije ukalipa siku moja baada ya nyingine kwa ajili ya maziwa uliyonyonya.

Najua ninachokuomba ni kizito. Likizo yako ni Julai na haihamishiki, na Disemba nyote mtatoka gizani na kurudi gizani, Mama ashinde peke yake na kuta. Nilimweleza. Alisema mfungaji hahitaji mtu wa kushinda naye. Basi niandikie mwaliko mpya, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari. Tiketi naibadilisha mimi, na gharama yake ni juu yangu. Viza hii tutaiacha ipite, tuombe nyingine. Mama mwambie tu kwamba kazini wamekupangia upya. Uongo huo uwe wa mwisho kati yetu watatu. Kipimo cha sukari kiwe karibu, na ikishuka mfuturishe kwa nguvu, hata akikugombeza.

Na siku moja, hata moja tu katika hizo arobaini na nne, omba ruhusa uwe nyumbani saa tisa jua linapozama. Usimwambie kwamba unajua. Mpe maji kwa mkono wako, anywe.

Nibusie watoto, na wifi yangu mwambie kitenge chake nimeshakipata. Mama angekusalimu, ila hajui kama naandika. Mungu akuweke.

Ni mimi dada yako,
Mwanaheri