Ruhusa ya Kwenda Izigo

Jumatatu, 3 Juni
Sala, kufagia uani, kumenya matoke. Tuko wanawake tisa katika nyumba hii ya Bukoba. Sote tumeacha pombe, au tunasema tumeacha. Leo nimeomba ruhusa kwa mlezi wetu, Mama Stela. Jumamosi mwanangu Jeska anaposwa nyumbani Izigo. Akasema kikao cha Ijumaa kitaamua. Miezi minne sijavuka geti peke yangu. Hata kanisani tunakwenda kwa mstari kama darasa la kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Zamu yangu. Nimekamua ndizi mbivu kwa majani, madumu mawili ya omuramba, wa wageni wa kesho. Ni juisi tu, haina kosa, mradi inywewe mapema.
Kaka yangu Yonatani kapiga simu, nikapewa dakika tano. Akanikumbusha: kwa ukoo wetu mama mzazi ndiye anayepokea kutoka kwa wakwe kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi na mtama, na kuonja wa kwanza. Asipoonja, amewakataa. Nikamwambia mimi pombe siwezi tena. Akacheka. "Dada, lowesha midomo tu. Au unataka waseme Jeska hana mama?"
Nimekasirika. Na mate yamenijaa. Nisamehe Bwana.

Alhamisi, 6 Juni
Jana wageni hawakuja. Dumu moja tulikunywa wenyewe, la pili nikalisahau nyuma ya jiko, penye joto. Leo nimelifungua likanipumulia usoni. Povu. Mhaya haelezwi harufu ile. Nilipaswa kumwaga.
Nikachovya kidole. Halafu kikombe. Halafu cha pili. Halina mtama, si lubisi, nilijiambia. Mwongo mkubwa mimi. Lililobaki nimemwaga migombani. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 7 Juni
Kikao. Mama Stela akatangaza nimekubaliwa, nitasindikizwa na Dafroza, yule aliyekuwa akiuza samaki visiwani, ana mdomo. Wote makofi. Dafroza akapaza sauti, "Mama mkwe huyo! Tutarudi na nyama, si na kibuyu!"
Nikashindwa kucheka. Kubaki humu ni kifungo. Kwenda nako ni kifungo. Kibuyu kinanisubiri, na sasa najua sitaishia midomoni.
Nikasema yote.
"Waitu, mwenzangu," Dafroza akanong'ona, "si ungenyamaza hadi Jumatatu!"
Mama Stela hakunigombeza. Bora angenigombeza. Sheria ni moja: naanza upya, siku ya kwanza. Hakuna kutoka.

Jumamosi, 8 Juni
Manyunyu asubuhi, kisha jua. Dada yangu Eliza ndiye amekaa mahali pangu. Ni saa nane, wakwe watakuwa wameshafika. Sijui kama wamemkubali apokee.
Nimemwandikia Jeska, Mama Stela ameahidi kumfikishia barua. Yonatani atawaambia watu naumwa. Mimi nimemwambia mwanangu kwamba nilikunywa, lini, na vikombe vingapi. Sikuweka maneno mengi. Chini nimeandika: Nijibu mapema, mwanangu, hata kama ni kwa hasira.