Seneta wa Chumba cha Kando ya Gereji

Mpendwa Guka,

Kabla hujauliza ni nani, keti vizuri huko uliko. Anayekuandikia ni mjukuu mwenye akili kushinda ukoo wetu wote, dereva wa foklifti, ile gari ya kuinua mizigo ghalani, anayeogopwa Louisville nzima hapa Marekani, kijana aliyeacha koleji kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Na juu ya hayo yote, Mheshimiwa. Cheo hicho ulinipa mwenyewe, usijifanye umesahau.

Juzi kazini nilimwambia Bahati, rafiki yangu Mkongomani, kwamba babu yangu aliingia Seneti ya Kenya kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa. Akanikagua kuanzia kofia hadi viatu. "Bon, seneta kabisa? Na wewe mjukuu wake hata sahani yako huoshi?" Nikamjibu kwamba damu ya Bungeni haioshi sahani. Tukacheka. Lakini nilipopanda foklifti, nilijirudia peke yangu. Ni kweli, Guka. Wewe ulikuwa mle ndani.

Ulipokuwa hai nilikutania tu. Seneta wa bunge la juu, halafu unalala chumba cha chini, kando ya gereji, kwa sababu magoti yamekataa ngazi! "Hili ndilo bunge la juu lenyewe?" nilikuuliza siku moja, nikiangalia soksi zako zikikauka kwenye hita. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Vua kofia. Umeingia kikaoni."

Siku hiyo ndiyo ulinisimulia ulivyoapa. Suti ya kuazima, mikono ya koti imefunika vidole, na jina la Malkia mdomoni, Malkia yuleyule ambaye askari wake walimweka kaka yako kizuizini. Nikakuuliza uliwezaje. "Kiti kilikuwa upande wa pili wa yale maneno," ukasema. "Ningekifikiaje?"

Hapa nyumbani Jeffersontown, Mama ndiye alikuwa bunge la chini, anapitisha sheria mbili kabla ya chai. Tukishindwa kwake tunakimbilia kwako, na swali lako la kwanza lilikuwa lilelile. Dada amechukua chaja yangu. "Umemuuliza mwenyewe?" Mama hanipendi. "Umemuuliza mwenyewe?" Nilikuwa nikichoka na swali hilo mpaka naondoka nikibamiza mlango.

Nilipoacha koleji, Mama alipitisha kwamba nifunge mizigo nitoke. Nikaja kwako nikitaka umkatalie. "Seneti haikuwa na nguvu ya kukataa," ukaniambia. "Tulikuwa na nguvu ya kuchelewesha tu. Watu huidharau." Ukamwomba Mama, binti yako, mwezi mmoja, eti wa marekebisho. Ndani ya mwezi huo nikapata kazi ya ghala, na sheria ya Mama ikafa yenyewe. Sijawahi kuona mtu mwingine akimwokoa mtu kwa kusubirisha.

Na ile siku Seneti yenyewe ilipofutwa! Mlipigia kura kifo cha nyumba yenu wenyewe. Ulipinga, ukashindwa, ukasimama, ukainamia kiti cha Spika, kisha ukahamia ukumbi wa wenzenu wa bunge la chini kama karani aliyehamishwa meza. "Hukukasirika?" nilikuuliza. "Nilikasirika. Lakini nyumba ilikuwa imesema."

Halafu ikaja Jumapili ile ya simu. Shifti za Mama za kutunza wazee wa watu zilikuwa zinamwacha bila nguvu za kumtunza mzee wake. Anti Wambui, kitindamimba wako, akataka uhamie kwake Cheektowaga, kule Buffalo, kabla ya Krismasi. Anko Njoroge, kaka yao, akiwa kwake Clintonville, Columbus, ndiye aliyeongoza kikao cha familia kwa simu. Wewe ukakataa kusema neno. "Mwenye jambo hapigi kura. Kamau atakalia kiti changu."

Mimi! Nilisimama wima mbele ya simu. "Mheshimiwa Spika..."

"Wacha mchezo, Kamau," Anko akasema.

Sikuacha. Nikawaambia habari za baridi ya Buffalo, za wazee wenzako wa kanisani, za nani angekukata kucha kama si mimi. Nikamalizia: "Naomba jambo hili licheleweshwe mpaka theluji ya Buffalo iyeyuke." Mama akaangua kicheko, "Huyu amefundishwa!" Wakakubali wote. Ukainuka na magoti yako hayo, ukanipa mkono. "Hongera, Mheshimiwa." Guka, siku hiyo nilikuwa mrefu kuliko nyumba.

Ukatutoka theluji ikingali chini.

Baada ya mazishi nilimkuta Anti ameketi kitandani kwako, ameshika ndara zako. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kule kwangu, kitanda chake nilishakiweka karibu na jiko," akasema. "Yeye ndiye alikitaka pale. Aliniambia, nilikulea nikiwa safarini kila mara, Wambui, sasa nataka nikusikie ukipika."

Kumbe ulitaka kwenda. Ulikaa pale ukanisikiliza nikikuzuia, na kwa kuwa nyumba ilikuwa imesema, ukainama vilevile ulivyoinama Nairobi. Kisha ukanipongeza. Nimejaribu kufikiria mtu wa namna hiyo ameumbwa na nini, nimeshindwa.

Mwezi uliopita niliendesha gari mpaka Buffalo, nikapitia kwa Anko Columbus. Nililala kwenye kitanda chako. Kweli, Guka, unasikia kila kitu: mafuta yakichemka, mwiko ukigonga, Anti akigombana na sufuria kama mtu mzima mwenzake.

Pumzika, Mheshimiwa. Huku mimi nang'ara kama kawaida, hakuna kilichonishinda. Isipokuwa kimoja. Jumapili ile, kabla ya simu, nilikuwa nikikukata kucha, miguu yako iko mapajani mwangu, nikikusomea hotuba yangu yote mpaka mwisho. Ukasikiliza. Ukatabasamu. Na sikukuuliza mwenyewe.

Mjukuu wako,
Kamau