Mawe ya Njia ya Ufukweni

Alkhamisi, Shaabani

Leo nimempeleka mama kisiwani kwao, walikoondolewa kupisha hoteli. Kila Shaabani huenda kufagia kaburi la baba yake na kumsomea Yasini.

Safari hii kaburi halina jiwe la kichwani. Mlinzi wa hoteli akatwambia mawe yote yamechukuliwa kupamba njia ya kwendea ufukweni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia kinyaa.

Mama akaifuata njia ile ameinama, jiwe baada ya jiwe, mpaka akalitambua la baba yake. Akakaa pale pale chini, akaanza kusoma. Watalii wakawa wanampita na mataulo yao.

"Bibi, wageni wanataka kupita," mlinzi akamwambia.

Mama akaendelea na Yasini yake.

Jioni, nyumbani, redio ya jirani ilikuwa ikieleza habari za visiwa vya Chagos, huko Bahari ya Hindi: dola zinabishana visiwa ni vya nani, na wenyewe, waliohamishwa zamani kupisha kambi ya jeshi, huenda wakaruhusiwa kuzuru makaburi ya wazee wao. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakenda," akasema, "waanze kutafuta njiani."