Kuombewa na Mama Zuhura

Jumatano

Eti imani yangu ni ndogo, ndiyo maana Elia haamki. Mama mchungaji kaniambia hivyo leo wodini, pembeni ya kitanda cha mume wangu, ambaye hajitambui tangu aanguke kwenye ghorofa walilokuwa wanapiga plasta. Nilikasirika hadi nikashindwa kuitikia wimbo aliouanzisha na wanakwaya aliokuja nao.

Jioni nimerudi Kipawa, nikakaa barazani bila hata kuvua viatu. Jirani yangu, Mama Zuhura, akaniletea chai ya tangawizi.

"Mie siwezi kuomba tena," nikamwambia. "Nikifumba macho namuona anaanguka."

Hakunihubiria. Alisema tu, "Basi we kunywa chai, mwenzangu. Leo nitakuombea mie."

Akainua viganja, akaomba kwa sauti ya chini. Mengi yalikuwa ya Kiarabu, sikuyaelewa, ila jina la Elia nililisikia.

Naogopa kupigiwa simu na hospitali. Naogopa kuwa mjane kabla mtoto huyu tumboni hajazaliwa. Kama kuogopa ni kukosa imani, basi sijui.

Lakini alipomaliza, nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Amina." Sikuwa nimeitamka tangu Elia aanguke.